Dakika Tano za Kukaa

Jumatatu, 3 Machi

Miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, daftari juu ya magoti. Mashuka mia sita na arobaini leo, pale kwenye kiwanda chetu cha kufulia. Nimesimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, ukitoa ile nusu saa ya chakula — ambayo nayo tunakula tumeegemea ukuta. Mwanangu ameniuliza vifundo vya miguu yangu huwa vinaenda wapi jioni. Nimemwambia vinawahi kulala. Akaridhika.

Viti hakuna. Msimamizi wetu — tunamwita Bwana Upesi, maana ndilo neno lake — anasema kiti huleta usingizi na usingizi huleta ajali. Anayasema hayo akiwa amekaa.

Lakini leo tumecheka, mimi na Pacha! Kukunja mashuka ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake mbili, mnavuta, mnakutana katikati, anakupa pembe zake, unainama kuchukua mkunjo, mnakutana tena. Kutwa nzima tunakutana na kuachana. Miaka sita sasa. Ananiita Pacha, namwita Pacha, na jina lake halisi inabidi nilitafute kichwani kwanza. Hadithi zake anazisimulia hivyohivyo, kipande kila tunapokutana. "Basi shemeji akaingia—" huyo anaenda zake. Nangoja. Anarudi. "—viatu kaviweka kwapani." Huyo tena! Muda wa kutoka umefika shemeji bado yuko mlangoni na viatu vyake. Mbavu sina.

Leo ilikuwa zamu yake kumvalisha tai Bwana Harusi. (Nikija kusoma haya uzeeni nitadhani nilirukwa na akili, kwa hiyo nieleze.) Bwana Harusi ni rola, ile mashine kubwa ya kupigia pasi: mitungi miwili ya moto inayomeza shuka bichi upande huu na kulitoa kavu upande wa pili. Mbele ya mdomo wake kuna kizuizi, chuma chembamba. Ukikigusa hata kwa ncha ya kidole mashine inasimama. Tatizo ni kwamba hata shuka likijikunja kidogo linakigusa. Mashine inasimama, shuka lililomo ndani linaungua, Bwana Upesi anakuja mbio, na idadi iliyoandikwa ubaoni haifikiwi. Basi tunakifunga kizuizi kwa kitambaa cha shuka kuukuu kisiweze kucheza. Hiyo ndiyo tai. Wakija wageni tunamvua. Bwana Upesi anajua. Anajitia hamnazo.

Sisi wenyewe tuna sheria yetu, haikuandikwa popote: aliyefunga tai ndiye anayelisha mashine siku hiyo. Hatari umeitengeneza wewe, simama mbele yake wewe. Mwenzako anapokea kule nyuma, na rundo likijaa mnalikunja wote wawili. Kesho zamu yangu.

Na jambo kubwa: Bibi Sindano, fundi wetu wa kushona mashuka yaliyochanika, anastaafu. Nafasi yake ameahidiwa Pacha. Haki yake — vidole vyake ni vyepesi mno, hata Bibi Sindano mwenyewe anakiri. Chumba kidogo, dirisha, cherehani, na kiti. Kiti chenye mto! Nimefurahi kwa ajili yake. Na wivu ninao. Naandika hapa kwa sababu kwingine siwezi kuusema.


Jumanne, 4 Machi

Mkono wa Pacha umeingia kwenye rola. Wa kulia. Siwezi kuandika.


Alhamisi, 6 Machi

Yuko hospitali. Simu yake anapokea dada yake wa nyumbani, anasema amelala. Mara nne nimepiga, mara nne amelala.

Nijaribu kuandika kwa utaratibu. Jumanne nilifunga tai mimi. Nililisha mimi, asubuhi yote. Baadaye nikamwomba Pacha anishikie nafasi kidogo, nikapige simu nyumbani. Nikatoka. Shuka likajikunja, likanasa, yeye akalinyoosha ili lisiharibike, na likaondoka na vidole vyake. Kizuizi kilikuwa kimefungwa. Mashine haikusimama. Mpaka fundi umeme alipokimbilia swichi ya ukutani.

Vidole vinne na kiganja. Kuungua na kubanwa pamoja.

Saa nane mchana, siku ileile, Bwana Harusi akawa anazunguka tena! Dada Mkubwa, aliyetutangulia sote pale kazini, ndiye aliyemfunga tai. Alikuwa analia huku anapiga fundo. Hakuna aliyemwambia aache. Hata mimi.


Ijumaa, 7 Machi

Wamenipa mwenzangu mwingine wa kukunja. Mama mpole, mgeni wa wiki mbili, hana neno. Ila anavuta kabla sijashika vizuri, na tukikutana katikati anaangalia chini. Mikono yake inachukua pembe bila kunigusa. Sikujua kama Pacha alikuwa ananigusa vidole kila tulipokutana. Mara elfu kwa siku, labda zaidi. Leo ndiyo nimejua.

Nimemkumbuka mpaka nimechukia mashuka.

Saa tisa Bwana Upesi ameniita ofisini. Fomu mezani, imeshajazwa. Inasema mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine iliyokuwa salama, kwa uzembe wake mwenyewe. Chini yake: shahidi aliyeona. Hapo ndipo jina langu. Nimeomba nikafikirie. Amenishangaa, kana kwamba nimeomba kulala ofisini kwake. Amesema mpaka Jumatatu.

Dada yake Pacha hatimaye ameongea nami kwenye simu. Daktari anataka kumfanyia operesheni ya pili, kuvifungua vidole viweze kukunjika na kunyooka. Lazima iwe mwezi huu, kabla kovu halijakakamaa. Kiwanda kinagharamia ikiwa ni ajali ya kazini. Ikiwa ni uzembe, hakigharamii, na wao hawana pa kuanzia. Hospitali inasubiri karatasi.

Yaani inasubiri kalamu yangu.


Jumapili, 9 Machi

Leo niandike ukweli, maana hata daftari hili nimelidanganya.

Sikwenda kupiga simu.

Bibi Sindano Jumanne alikuwa kliniki. Nilijua chumba chake kitupu. Mgongo ulikuwa unaniwaka tangu saa tatu, miguu naisikia kama si yangu. Nikamwambia Pacha mtoto anaumwa, nikapige simu nyumbani kumjulia hali. Alinisukuma kwa bega. "Nenda, nenda, mimi nipo." Nikaingia kwa Bibi Sindano, nikafunga mlango, nikakaa.

Nilikaa tu. Kwenye kiti. Nilivua viatu, nikaweka nyayo juu ya sakafu ya baridi. Jua lilikuwa linaingia dirishani mpaka kwenye mapaja yangu. Nikafikiria: hiki kitakuwa cha Pacha, mimi nitabaki kule na Bwana Harusi mpaka nizeeke, basi na mimi nionje. Dakika tano. Kuna saa ukutani, niliiangalia. Nilikuwa na raha, na hata nikisema uongo kwa kila mtu, hilo sitalikana.

Ndipo nikasikia sauti. Sikujua ni yake. Miaka sita na sikuijua sauti yake.

Kwa hiyo shahidi aliyeona hakuona kitu.


Jumatatu, 10 Machi

Nimesaini.

Asubuhi nilikuwa nimeazimia kukataa. Nilijikaza kisabuni mpaka mlangoni. Bwana Upesi hakunifokea hata kidogo, laiti angenifokea. Amesema, "Dada, mimi siku ile nilipita pale. Sikukuona kwenye nafasi yako. Naweza kuuliza ulikuwa wapi. Au naweza nisiulize. Unaonaje?"

Kisha akasema Bibi Sindano ameomba kuondoka mapema kwa sababu ya macho, na kile chumba hakiwezi kukaa bila mtu, na mgonjwa wetu ndiyo hivyo tena, mkono wake hauwezi sindano. Na mimi nimevumilia siku nyingi. Akanisogezea kalamu.

Niliandika jina langu lote, herufi zimenyooka. Zingepinda ningejisikia nafuu.

Nimeanza leoleo.


Jumatano, 12 Machi

Kukaa ni kuzuri. Mungu anisamehe, ni kuzuri sana.

Jioni nimevaa viatu vyangu vya Jumapili na vimeingia! Nimecheza kamba na mwanangu uani. Mara ya kwanza tangu aanze shule. Amenitazama kana kwamba nimetoka safari. Akauliza, "Mama, umeacha kazi?" Nikasema hapana, nimepewa kiti. Akasema basi wote wangepewa.

Miaka tisa ana huyu.

Bibi Sindano amekuja siku hizi mbili kunifundisha kabla hajaondoka kabisa. Mishono yangu inakwenda upande, anaifumua, hasemi. Kwenye kabati nimekuta kitambaa cha majaribio, mishono midogo imenyooka, nikadhani ni ya kwake. Akasema hapana, ya mwenzako, alikuwa anakuja hapa muda wa chakula kujifunza. Nusu saa ile ile. Sikujua! Mimi nilidhani anakwenda kuswali. Alikuwa hali chakula, anashona amesimama, maana kiti kilikuwa na mwenyewe.

Kwenye ukuta wa ndani kuna kidirisha cha kioo, unaona ukumbi mzima. Wanakunja. Wanakutana, wanaachana. Nimeweka kiti kikipa kioo mgongo.


Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda. Yuko kwa dada yake, chumba cha nyuma. Nilikaa nje ya lango karibu nusu saa nikijifanya nasubiri mtu.

Amekonda. Mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, umelazwa juu ya mto. Aliponiona alicheka, yaani alifurahi kweli, na hapo nikaona bora ningefukuzwa. Alitaka habari za wote. Nani analisha? Bibi Sindano je? Nilimmenyea chungwa, nikawa nampa kipande kimojakimoja kwenye mkono wa kushoto. Akasema mkono wa kushoto ni mjinga, unashindwa hata kufunga kifungo.

Nikamwambia. Kwamba mtoto hakuwa anaumwa. Kwamba nilikwenda kukaa.

Nje dada yake alikuwa anapepeta mchele, nasikia kila punje. Mwishowe akauliza, "Ulikaa muda gani?"

"Dakika tano."

"Tano tu?"

"Tano."

"Mimi ningekaa kumi."

Mabega yakamtikisika. Nikadhani anacheka, nikaanza kucheka naye, kisha nikaona hapo hacheki mtu. Nikamshika. Tukalia kama watoto, mkono wake nimeukwepa, sijui niushike wapi. Nilikuwa nimetamani kumshika hivyo siku kumi na moja.

Ningeweza kuishia hapo nikarudi nyumbani mwepesi. Lakini alisema, "Basi sasa utawaambia mashine ilikuwa na tai. Wakikuletea fomu yao ya uzembe usiikubali, wewe mwenye kujua." Hakuwa anajua kama imeshaletwa. Ikabidi niseme.

"Umesaini lini?"

"Jumatatu."

"Na kiti umepewa lini?"

Nikaanza kuokota maganda ya chungwa. Hakuhitaji jibu. Akakiweka kipande cha chungwa kwenye sahani, taratibu, kwa ule mkono mjinga. Akasema, "Kukaa nimekusamehe, Pacha. Nani hataki kukaa? Hilo la pili usiniombe leo."

Dada yake amenisindikiza mpaka langoni bila kusema kwaheri. Aliniambia kitu kimoja: daktari ametoa mpaka tarehe ishirini na tano, baada ya hapo kovu litakuwa limeshika. Nilitaka kugeuka nimwulize Pacha shemeji alifanya nini na vile viatu. Upuuzi gani huo! Lakini ndicho nilichotaka. Nilitaka anisimulie kipande, niende, nirudi, anisimulie kingine.


Jumatatu, 17 Machi

Kesho anakuja mkaguzi wa kazi. Tumetangaziwa. Sakafu imepigwa deki mara mbili, na viti vimeletwa! Vinne, vya plastiki, vimepangwa ukutani. Hakuna anayethubutu kuvikalia, vina karatasi bado.

Muda wa chakula nilimwambia Dada Mkubwa ninachofikiria. Nilitegemea aniunge mkono, yeye aliyekuwa analia siku ile. Amenivuta nyuma ya marobota ya mashuka. Amesema nikifungua mdomo watasimamisha mashine, na mashine ikisimama wanawake kumi na saba wanarudishwa nyumbani, na hakuna ajuaye mpaka lini. Amesema, "Wewe umeshakaa, mdogo wangu. Sisi bado tumesimama. Usitusukume tuanguke."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ana haki. Na Pacha ana haki. Kila mtu ana haki isipokuwa mimi.

Kichwa kinauma. Nalala mapema leo, na mwanangu, kitanda kimoja.


Jumanne, 18 Machi. Kazini

Naandika humuhumu, kwenye chumba cha kushonea. Akipita mtu atadhani najaza orodha ya viraka.

Mkaguzi kaja saa nne. Mtu mzima, mpole, anamwamkia kila mmoja. Gari lake lilipoonekana tu getini, Dada Mkubwa alimvua tai Bwana Harusi na kuniletea mimi niifiche kwenye kapu la vitambaa. Ndiyo kawaida, siku zote inafichwa huku. Iko mapajani mwangu sasa. Ni ileile. Ina alama ya kahawia mahali ilipoguswa na moto.

Nimemtazama kupitia kioo, nimekigeuza kiti. Alisoma ile fomu akiwa amesimama mbele ya mashine. Kisha akatoa penseli mfukoni akakigusa kizuizi kwa ncha yake. Bwana Harusi akasimama hapohapo! Mkaguzi akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akaandika kitu. Nimeona midomo yake: vizuri. Bwana Upesi alikuwa ametabasamu mpaka magego yanaonekana.

Mashine salama. Mfanyakazi mzembe. Imekwisha. Penseli moja.

Sasa wako ofisini wanakunywa chai. Mlango umefungwa. Kutoka hapa mpaka pale ni hatua kama kumi na mbili, nimezipima kwa macho mara nyingi. Najua la kusema, si refu. Nilifunga mimi. Tunafunga kila siku, Bwana Upesi anajua. Siku ile sikuwepo, nilikuwa nimekaa, na aliyeumia alikuwa ameshika nafasi yangu. Sikuona kitu, nilisaini. Nikishasema, kiti hiki si changu tena, na pengine hata ukumbi ule. Mwanangu atauliza tena kama nimeacha kazi.

Nampenda Pacha. Sijawahi kuliandika hivyo. Nampenda, na nimeuza mkono wake ili nikae.

Huko nje wameanza tena kazi bila tai. Mashine imesimama mara tatu tangu nianze ukurasa huu. Nasikia harufu ya shuka linaloungua. Yule mama mpole ndiye anayelisha leo, na kila mashine ikisimama anaruka.

Dada Mkubwa kaja. Yuko hapa mlangoni, jasho linamtoka, anaangalia nyuma kuelekea ofisini, anasema kwa sauti ya chini nimpe tai haraka, mgeni hatarudi tena ukumbini, idadi haitafika, anataka kumvalisha sasa hivi. Amesema, "Lete, mdogo wangu." Amenyoosha mkono. Vidole vyote vitano, vizima, vimelowa maji. Nyuma yake mlango wa ofisi umefunguka, namsikia mkaguzi anauliza njia ya kutokea.

Nimemwambia Dada Mkubwa asubiri nimalize mstari huu.